Mdiria wa Nanjala

Miaka hiyo kila mtoto alipewa ndege wake, na ndege asipoonekana katika matembezi ya ukaguzi ya mwisho wa kipupwe, mtoto alichukuliwa. Shahidi alikuwa jirani. Akidanganya, walichukuliwa watoto wake wote.

Nafuna alizunguka kinamasi nyuma ya askari wa hifadhi. Mdiria wa bintiye Nanjala hakuwepo.

"Mdiria yule!" jirani yake Naliaka akapaza sauti.

Askari akaitikia kwa kichwa, akasonga mbele. Nafuna alitazama, akaona maji matupu.

"Asante, Mama Simiyu," akanong'ona.

"Asante ya nini?" Naliaka akambana mkono. "Kwarara wa Simiyu pia hayupo. Haya, mwone, na useme kwa sauti."

Askari akageuka. Nafuna akanyoosha kidole kwenye mafunjo matupu.