Saa Moja ya Ijumaa

"Mama, hatujumlishi tu umeme uliotumia," alieleza dada wa kampuni ya umeme kwenye simu. "Tunatafuta ile saa moja uliyovuta umeme mwingi kuliko saa zote za mwezi mzima, na hiyo ndiyo iliyopandisha bili. Yako ni Ijumaa ya tarehe tisa, mchana."

Dagny alikata simu. Majira yote ya baridi alikuwa hafui nguo mpaka azime jiko kwanza, ili umeme usivutwe kwa pamoja. Na Ijumaa hiyo alikuwa kanisani, akimzika mama yake. Mumewe alibaki kitandani, eti mgongo umemkaza.

Akamkuta uani, anachomeka waya wa kuchajia gari lake la umeme.

"Siku ya maziko ya mama uliwasha nini humu ndani?"

"Aa, sauna kidogo, nijifukize mvuke. Wenzangu walipita, tukaoka nyama, wakachaji magari. Ni saa moja tu, mke wangu!"

"Hata mama yangu alizikwa kwa saa moja tu."

Akauchomoa waya, akautupa kwenye theluji.

"Nenda kwa hao wenzako. Betri ikikuishia njiani, shauri yako."