Ini la Kuku

"Mtoto ana miezi kumi na meno mawili, bado mnampa uji mtupu?" jirani alimuuliza Mwanahawa siku moja. Mwanahawa alicheka tu, akamfunika Salha kwa kanga, lakini swali lile halikumtoka.

Ijumaa iliyofuata akachinjiwa kuku. Katika nyumba ile, ini na firigisi ni vya baba mkwe wake, Mzee Shomvi, na tangu Mwanahawa aolewe hakuna mwingine aliyevigusa. Alimtengea sahani mkekani, firigisi juu ya wali. Ini halikuwamo.

Mzee akageuza wali kwa vidole. "Mwanangu, kuku huyu alizaliwa bila ini?"

"Nimempa Salha, Baba. Nimeliponda na viazi. Uji peke yake haumtoshi tena. Unisamehe."

Mzee akamgeukia mjukuu wake. Salha alikuwa amelikumbatia bakuli, kidevu chote viazi, akilamba ngumi kwa bidii.

"Mke wangu," mzee alimtania, "unakula haki yangu, hata karibu huna?"

Mtoto akacheka, akamrukia, akampaka viazi kwenye ndevu. Mzee hakumzuia. Alisema Bismillahi, akaichukua firigisi, akaiweka kwenye sahani ya Mwanahawa, ambaye hakuwa ameionja hata siku moja tangu aingie nyumba ile.

"Si bado unamnyonyesha? Kula, mwanangu."

Akamaliza wali wake, akanawa, akavaa kofia. Akatoka, ndevu zikiwa na viazi vyake vilevile.