Unywele Mmoja Angani

“Sogeza yako!”

“Yangu haisogei, shemeji. Sogeza wewe!”

Ofisi ya jirani ilidhani wanagombania meza. Kumbe ni kwazari, kitu king'aacho mbali mno angani, mbali hata hakionekani kusogea. Wapimaji hukitumia kama msumari wa kushikizia ramani za mbingu, ramani moja juu ya nyingine.

Ramani zilikuwa mbili. Sikio alichora yake kwa mawimbi ya redio. Jicho, dada wa mkewe, alichora yake kwa darubini ya mwanga. Misumari yote ilikubaliana kasoro huo mmoja: wa Jicho kushoto, wa Sikio kulia, na kati yao upana wa unywele.

Kwa unywele huo mkuu wa kituo alikuja juu. “Ijumaa nitazitandika pamoja. Aliyekosea afungashe virago!”

“Pole, shemeji,” Jicho alisema wakitoka. “Nitamwambia mdogo wangu akupokee taratibu.”

“Jiwekee pole yako. Sikio halidanganywi.”

Kujigamba ni kwa ofisini. Nyumbani Sikio alihesabu hasara. Akikosea yeye, hana kazi. Akikosea shemeji, kazi anayo ila nyumba hana: mkewe atamla mbichi. Lakini misumari ikilingana, nani atafukuzwa?

Alhamisi, wenzake walipokwenda kula, Sikio alifungua hesabu zake. Akapunguza hapa, akaongeza pale, mpaka msumari wake ukahamia kushoto, ukakaa barabara juu ya ule wa Jicho. Heshima ilikwenda na maji, mshahara ulibaki.

Wakakutana mlangoni, Jicho akauliza:

“Umeshafunga hesabu, shemeji?”

“Kwa kufuli. Wewe?”

“Mimi? Mimi sibadiliki.”

Wakacheka wote, tena sana.

Ijumaa ramani ziliwekwa ukutani, moja juu ya nyingine. Mkuu hakuzihangaikia, alikimbilia namba ya tofauti kati ya misumari. Unywele ule ule. Akaisoma mara ya pili. Kisha akapiga makofi.

“Wiki nzima nawatisha, na hakuna aliyeyumba! Watu wakweli namna hii, nimfukuze nani? Basi kitu chenyewe kinang'aa huku na kunguruma kwa redio kule. Huu ni ugunduzi, jamani!”

Sikio akainua macho ukutani. Msumari wake ulikuwa kushoto, peke yake. Wa Jicho ulikuwa kulia, palepale yeye alipoung'oa wake jana, na shemeji alikuwa anatazama dari.