Jino la Kwanza

Asubuhi hiyo mwalimu alikuwa amesimama juu ya kiti akibandika picha za wanafunzi ukutani, mtoto mmoja alipomvuta sketi. Kiganjani alikuwa ameshika jino.

Mwalimu akashuka, akalifuta damu, akalifunga kwenye karatasi laini. "Kampe mama," alisema, kisha akamwita kibogoyo kwa lugha ya kwao. Mtoto akacheka bila kuelewa.

Shule ya kimataifa ilipotulia jioni, alimpigia simu mdogo wake, aliyekuwa akimlelea binti yake huko nyumbani.

"Na wangu keshakuwa kibogoyo?"

"Ubogoyo ulishapita, dada! Ameota mengine, makubwa kama ya sungura."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilipitiwa, dada. Si unajua pilikapilika za hapa."

"Na lile la kwanza mlilitupa?"

Sauti ya binti ikadakia. "Nililiweka nikupe ukija likizo. Halafu hukuja, likapotea."

"Si kitu, mwanangu."

Simu ilipokatika, alipanda tena kitini. Picha iliyofuata ilikuwa ya mtoto wa asubuhi, amecheka mdomo wazi, meno yote yapo.

Akashuka taratibu, akairudisha juu ya zilizobaki, akafunika gundi isikauke. Angemalizia kesho.