Mama Apumzike Buhembe

Hebu niambie, umewahi kumwona bibi wa miaka sabini na mbili akikagua nyumba ya kupanga, na swali lake la kwanza likawa kama gari litapita getini?

Datius, dalali wa nyumba pale mjini Buhembe, hakuwahi. Alikuwa amejiandaa na vitu vya wazee: choo cha kukaa, kibaraza cha kuotea jua, majirani wasiopiga muziki. Benigna hakuvitazama mara mbili. Alifungua kabati la ukutani, akalipima kwa mikono.

"Magauni ishirini yataingia?"

"Ishirini, bibi?"

"Na viatu."

Akapima chumba cha kulala kwa hatua, polepole, ukuta hadi ukuta. "Kitanda cha sita kwa sita kitakaa?"

"Kitakaa, waitu, bibi yangu. Utalala kama malkia."

"Na mtandao unashika?"

Datius alicheka mpaka akaegemea mlango. "Bibi wa kisasa! Unashika. Na parokia iko hapo juu tu, hata kwa mkongojo unafika."

"Hiyo haina shida," alisema Benigna, ambaye tangu kipaimara hakuwahi kukosa misa ya Jumapili.

Dalali akamwangalia kwa huruma. Wazee wa namna hii alishawapangishia wengi.

Gozbert, mwana wa Benigna, alipopunguzwa kazi Dar es Salaam, alikuja kijijini Kanazi na mkewe Evelyne kukaa kwa mama wiki mbili. Wiki hizo mbili sasa zilikuwa zimefika miezi minane. Ndani yake Gozbert aligundua mambo mengi ambayo mama yake, kwa darasa lake la saba, hakuyajua: kwamba kibanja alichonunua na marehemu mumewe kinafaa kujengwa loji, kwamba wageni hawapendi migomba, kwamba hata kaburi la baba linaweza kusogezwa kidogo, baba mwenyewe asingekataa, na kwamba yeye, Benigna, amechoka sana.

"Gozbert, mimi nilitaka kusema..."

"Usiseme, mama. Utapandisha presha. Wewe pumzika tu. Mjini kuna lami, kuna hospitali."

"Nasi tutakuja kukuona kila mwezi, mama," aliongeza Evelyne, mkwe mwenye moyo. "Mvua isiponyesha."

Kwa hiyo siku Benigna alipoitikia na kusema nyumba ameipata, Gozbert alifurahi kama mtoto mwema anavyofurahi mzazi akimtii. Kabla mama hajabadili mawazo, alikwenda kulipa kodi ya mwaka mzima. Mkataba akausaini yeye, kwa jina lake, maana kizee atajua nini mambo ya mikataba?

Asubuhi ya kuhama, mume na mke walikuwa bondeni na fundi, wakipima loji yao kwa kamba. Benigna akafunga mizigo mwenyewe na majirani wawili, na Kamala, dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, akaipakia na kuondoka. Waliporudi, mlango wa nyumba umeshafungwa kwa kufuli jipya, na mama amekwisha kukaa kwenye gari la Gozbert, mkoba mapajani.

"Twendeni, dereva ametangulia."

"Umeona mama alivyo na haraka ya kupumzika!" alisema Evelyne.

Buhembe, mizigo ilikuwa imeshushwa sebuleni. Gozbert, kwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi, akafungua furushi la kwanza ampangie mama. Suti zake. La pili, viatu vya Evelyne. La tatu, magauni ya Evelyne, yamekunjwa vizuri sana.

"Mama, Kamala amekosea mizigo!"

"Hajakosea."

Benigna alikuwa bado amesimama mlangoni, hajavua viatu. Nje bodaboda ya kumrudisha Kanazi ilikuwa inaunguruma.

"Ni wewe tu, baba, hukunipa nafasi ya kusema. Nilitaka mhame kwangu."