Daraja la Kikosi cha Tatu

"Kikosi cha tatu kisiambiwe kwamba msaada hauji," Kamanda aliwaambia viongozi wa vikosi vingine. "Wakijua watakimbia. Waacheni walinde daraja."

Viongozi wakajibu mmoja baada ya mwingine kwamba wamepokea. Kikosi cha tatu kikalinda daraja dakika kumi na mbili, watu wake wakiulizana msaada umefika wapi, mpaka wa mwisho wao akaanguka. Muda huohuo vikosi vinne vilivyobaki vilizunguka kwa upande wa mto na kuingia ngome ya adui kwa nyuma. Kioo cha kompyuta kikawaka maandishi ya dhahabu: wameshinda.

Kamanda akavua hedifoni, akanywa chai iliyokwisha kupoa. Ilikuwa Jumapili alasiri, na vita vilikuwa vya mchezo tu. Watu mia moja, hamsini kila upande, kila mmoja kwao na kompyuta yake, hawajuani sura wala majina ya kweli. Kamanda husema na viongozi, viongozi husema na watu wao, na amri haijadiliwi. Yeye alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote. Siku ya kwanza aliyotoa amri, mkewe alifungua mlango wa chumba akidhani ameingia mwanamume mwingine.

Kazini sauti hiyo haikujulikana. Huko alikuwa karani wa ghala la vipuri, mwenye miaka hamsini na mitatu, na wenzake walimpa jina la Mzee Ndiyo.

Mkewe alikuwa mlangoni na taulo la vyombo begani. Alimuuliza kama wameshatangaza nani atapunguzwa. Bado, akajibu. Makarani walikuwa wanne na kampuni ilitaka watatu, basi kila mtu alikuwa akitembea kwa vidole.

"Nenda kwa meneja ukajisemee," mkewe alisema. "Hapa una mdomo wa kuamrisha watu hamsini. Kule unaupeleka wapi?"

"Mdomo uliponza kichwa. Wataanza na wabishi, na wale wanaofika saa nne. Mimi wataniondoa kwa kosa gani?"

Mkewe akarudi jikoni akivigonganisha vyombo zaidi ya ilivyohitajika. Wote wawili walijua kwamba kwa umri ule kazi nyingine ingekuwa ndoto ya mchana.

Aliporudi kwenye kioo alikuta ujumbe wa faragha kutoka kwa Nanga, kiongozi wa kikosi cha pili. Nanga hakuwa na kipaza sauti, kila kitu aliandika, lakini katika viongozi wote ndiye aliyempenda zaidi. Alimdhania ni mwanafunzi wa chuo fulani, na yeye asiye na mtoto alishazoea kumwita mwanangu. Nanga alitaka kujua jambo moja. Inapobidi kuacha kikosi kimoja, Kamanda anachaguaje? Kwa nini cha tatu, ambacho hakijawahi kumkosea, na si cha tano chenye watu wabishi?

Swali zuri, aliona. Aliandika taratibu, kwa raha ya mtu anayeulizwa asichoulizwa kwingine.

"Mwanangu, usimwache mbishi. Mbishi atagoma, atapiga kelele, atakuvurugia na wenzake. Mwache mtiifu. Atasimama mpaka dakika ya mwisho, na hatauliza."

"Na roho haikuumi?"

"Inauma. Kwa hiyo usimtazame sana. Sema maneno machache, mshukuru, endelea na vita."

"Nimepokea, Kamanda," Nanga akaandika.

Alhamisi asubuhi karani aliitwa ofisini kwa meneja. Meneja alikuwa mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, na siku hiyo macho yake hayakutoka kwenye karatasi zilizokuwa mezani. Feni ya ukutani ilizunguka ikilia kijikelele chake cha kila siku. Alisema kampuni imelazimika, barua ni hii, sahihi ni hapa.

"Asante kwa miaka yako yote kumi na moja, mzee," alimaliza.

Swali lilimjia karani. Kwa nini mimi? Badala ya kuliuliza akatia sahihi, akaikunja barua mara mbili.

"Asante, mama," alisema.

Kila jioni yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, na ndiye aliyezima kila kitu. Mkono ukafuata mazoea. Alipofika mlangoni alibonyeza swichi, feni ikazima, na meneja akabaki ameketi kwenye joto. Aliligundua kosa akiwa nje, kwenye ngazi, na aliona haya kurudi kuiwasha.

Nyumbani mkewe alikuwa hajarudi. Barua aliiweka chini ya sahani ya chai, kisha akaitoa akaitia mfukoni. Hakujua angeanza vipi kumwambia. Akawasha kompyuta, si kwa kucheza. Alitaka mtu amwite Kamanda, hata mara moja tu, kabla mlango haujafunguliwa.

Ujumbe wa Nanga ulikuwa unamsubiri.

"Kamanda, asante. Leo kazini nilitakiwa kumwacha mtu mmoja, nami sikulala siku tatu nikiwaza ni nani. Nikafuata maneno yako. Hakuuliza kitu, kama ulivyosema. Alinishukuru, akanizimia feni nikiwa bado nimeketi, akaondoka."