Spana za Mbayuwayu

Bolti ikakatika tena. Mzee Chuma akabaki ameduwaa, spana mkononi, kichwa cha bolti kikibingirika chini ya gari. Akatukana kimoyomoyo tu, maana bintiye alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo akimtazama.

"Takataka!" akafoka, akaitupa spana juu ya meza. "Mbayuwayu! Nani hapa aliwahi kusikia spana ya chapa ya Mbayuwayu?"

Hakuna, na huo ndio ukweli. Katika gereji ile mafundi walizijua chapa za spana kama mtu anavyowajua shemeji zake, yupi wa kutegemea na yupi wa kukukimbia siku ya shida. Mbayuwayu ilikuwa ngeni kabisa. Aliyeileta ni huyo huyo binti, mtunza stoo. Alimbembeleza tajiri mpaka akakubali kununua seti nzima ya spana za kupimia nguvu. Unaiwekea spana kipimo, unakaza, na bolti ikifika inapotakiwa spana inalia, tak, nawe unaacha. Mambo ya kubahatisha basi.

Halafu bolti zikaanza kukatika, na tajiri akaja juu. Kama spana ni mbovu, alisema, aliyezileta aondoke nazo. Na wa kutoa hukumu ni msimamizi wa mafundi, yaani Mzee Chuma.

"Wewe hujawahi kunidanganya," tajiri alimwambia. "Ijumaa utanipa neno lako, mbele ya wote."

Jamani, jambo hilo lilimkaba! Tangu mama wa binti afariki walikuwa wamebaki wawili tu nyumbani, na kazi ile ya stoo mtoto aliihangaikia mpaka akaipata. Mzee alitamani kwa moyo wake wote spana zile ziwe nzima. Kila asubuhi alivaa glavu zake nene akazijaribu moja moja. Anaweka kipimo, anavuta, anangoja mlio. Wapi! Spana inastuka kidogo mkononi, kama kitu kilicholika meno kwa ndani, kisha basi. Anaongeza nguvu, bolti inakatika.

Bolti za wenzake hazikatiki, lakini hilo halikumbabaisha. Vijana wa siku hizi wanakaza kivivu.

Akaamua kuwauliza. Fundi wa breki alimjia karibu kabisa, akapaza sauti kama mnadi bidhaa sokoni. "Mzee, Mbayuwayu ni kiboko! Mkinirudishia ile ya zamani, nagoma!"

Akamwendea fundi wa injini, waliyemwita Kidevu, mtu ambaye hajawahi kusifu kitu tangu azaliwe, hata mapishi ya mkewe.

"Haina neno," Kidevu akasema.

Hapo ndipo Mzee Chuma alipoingiwa na hofu ya kweli. Kidevu amesifu! Basi wamekubaliana wote kumficha, wanamwonea haya kwa sababu ya mtoto. Ndiyo maana siku hizi wakiwa kwenye chai wananong'ona wao kwa wao, na akigeuka wanamkodolea macho kama mgonjwa. Adabu imekwisha kabisa. Minong'ono hiyo ilikuwa ikimuuma tangu zamani, ila safari hii iliuma zaidi.

Alhamisi jioni, mezani, binti alimshika mkono.

"Baba, ulizijaribu kwa utulivu? Bila glavu?"

"Nimezijaribu mpaka mabega yananiuma."

"Baba." Akasita. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Kuna jambo nataka kukwambia. Tafadhali usinikasirikie."

"Mwanangu, najua unachotaka kuniomba," akasema, na moyo ukamwuma kweli kweli. "Niombe chochote, nitakupa. Lakini usiniombe niseme uongo juu ya kazi. Hapo hapana."

Binti akainuka akaanza kutoa vyombo.

Ijumaa walikusanyika wote kando ya lori lililokuwa juu ya jeki. Tajiri akamwashiria aseme.

"Huyu ni mwanangu, nimemlea kwa mikono hii," Mzee Chuma akaanza, kwa ile sauti yake kubwa. "Lakini tairi likichomoka barabarani, aliyemo garini naye ni mtoto wa mtu. Siwezi. Spana hizi ni mbovu. Nisamehe, mama."

Binti akainamisha kichwa. Kidevu akamtupia tajiri jicho.

"Ngoja nijionee mwenyewe," tajiri akasema. Akaokota spana ya Mbayuwayu, akaiwekea kipimo, akaichomeka kwenye nati ya tairi na kuanza kuvuta polepole.

Mzee Chuma akakaza meno. Pamoja na yote aliyoyasema, alikuwa anaomba. Ilie mara moja tu, alimwomba Mungu, mara moja tu, mtoto abaki na kazi yake, na mimi nionekane mwongo mbele yao wote, sijali.

Mkono wa tajiri ukasimama. Akavuta tena, ukasimama tena. Mafundi wote, kwa pamoja, wakaacha kuitazama spana wakamtazama Mzee Chuma. Kidevu akajigusa sikio, akainamisha macho. Binti akafunika uso kwa viganja.

"Si mnaona wenyewe?" Mzee Chuma akasema. "Kimya."